Binti wa Berega na Mlango wa Chuo Kikuu

Katika somo lililopita tulisoma juu ya kuhifadhi mahindi na adui yetu dumuzi. Leo tunageuka kidogo. Hatusomi juu ya mazao wala mbolea. Tunasoma juu ya mtu.

Mtu huyu ni mwanamke. Amezaliwa katika wilaya yetu hii hii ya Kilosa, na alifika kuwa mmoja wa viongozi wakuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jina lake ni Profesa Penina Mlama. Kwenye majalada ya vitabu mnaweza kukuta jina Penina Muhando. Msibabaike, ni mtu yule yule. Muhando ni jina alilolitumia alipoanza kuandika.

Tulipolitaja somo hili kwa mara ya kwanza katika darasa letu la Mikumi, mama mmoja auzaye vitunguu kando ya barabara kuu iendayo Zambia alinyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, chuo kikuu kinanihusu nini mimi? Mimi nilijifunza kusoma nisiibiwe kwenye mizani." Darasa zima likacheka. Nasi tulicheka. Lakini swali lilikuwa zuri, na huyo mama tutarudi kwake baadaye. Tunawaombeni mliweke kichwani.

ALIKOTOKA

Berega iko upande wa kaskazini wa wilaya, huko Ukaguru. Ukitoka Dumila kwenda Gairo, unaiacha barabara kuu ya Dodoma ndipo unaingia Berega. Ni mahali pa misheni ya Kianglikana ya siku nyingi, na watu wengi wanapafahamu kwa ajili ya hospitali yake. Penina alizaliwa huko mwaka 1948, wakati nchi ikitawaliwa na Waingereza.

Wenyeji wa huko mnajua kwamba Wakaguru hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mgeni akisikia hivyo hudhani kwamba basi kule wanawake ndio wenye kauli. Waulizeni akina mama wenyewe! Kuhesabiwa ukoo kwa mama ni jambo moja, na mama kusikilizwa barazani ni jambo jingine. Siku zile msichana aliyepelekwa shule, akavuka madarasa ya chini na kuendelea mbele, alikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Chuo kikuu chenyewe hakikuwapo alipozaliwa. Kilianza Oktoba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, kikiwa na wanafunzi wachache tu wa sheria katika jengo moja mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Baadaye kilihamia juu ya kilima, ndiyo maana watu hukiita Mlimani. Tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Binti wa Berega akasoma hapo sanaa za maonyesho, yaani elimu ya michezo ya kuigiza, ngoma na mambo ya jukwaani. Akabaki hapo hapo kuwa mwalimu. Akaendelea mpaka shahada ya uzamivu, ambayo ndiyo ya juu kabisa, akaongoza idara yake, akawa profesa.

Wapo watakaosema, "Kumbe profesa wa ngoma tu!" Subirini kwanza.

Katika kazi hiyo aliandika michezo mingi ya kuigiza, na aliiandika kwa Kiswahili ili watu wa kawaida waielewe. Mmoja unaitwa Nguzo Mama, uliochapishwa mwaka 1982. Unahusu wanawake wa kijiji kiitwacho Patata ambao wanajaribu kuisimamisha nguzo kubwa. Kila wakiinua, haisimami. Huyu anavutwa na mume, yule na shida zake, wengine wanagombana wao kwa wao. Tuliusimulia mchezo huu kwa darasa la Mikumi, na kabla hatujafika nusu, akina mama walikuwa wanaanza kutajana majina: "Huyo ni fulani! Na huyo ni wewe!"

KAZI YA KIONGOZI WA CHUO

Sasa tueleze vyeo, maana vinachanganya. Mkuu wa Chuo ni mtu wa heshima anayetunuku shahada siku ya mahafali. Anayekiendesha chuo siku kwa siku ni Makamu Mkuu wa Chuo. Huyu naye ana wasaidizi. Mmoja hushughulika na fedha, majengo na utumishi, na mwingine na masomo. Katika miaka ya 1990 aliyeshika upande wa masomo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa Profesa Mlama. Cheo hicho kiliitwa Afisa Mkuu wa Taaluma.

Kwa lugha yetu ya kijijini, huyu ndiye mwenye kusimama mlangoni. Nani aingie kusoma, afundishwe nini, apimwe vipi, mwalimu gani apandishwe. Haamui peke yake, maana kuna vikao, tena vingi. Lakini meza ambayo mambo hayo hupitia ni yake.

Na hapo ndipo tunafika kwenye kiini cha somo letu. Mlango ukiwa wazi kwa wote, je, wote wataingia?

SHARTI MOJA KWA WOTE

Novemba 1974 chama cha TANU kilikutana Musoma. Wazee wetu wanalikumbuka Azimio la Musoma kwa sababu ndilo lililosukuma watoto wote wa umri wa shule waandikishwe kufikia Novemba 1977. Lakini azimio hilo lilikuwa na jambo la chuo kikuu pia. Lilisema mtu asitoke sekondari moja kwa moja kwenda chuo kikuu. Kwanza aende Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi angalau miaka miwili, apate na barua za kumpendekeza kutoka kazini na kwenye chama. Ndipo aingie.

Nia ilikuwa njema. Serikali haikutaka wasomi wanaojiona mabwana wakubwa, wasiojua jasho. Na sharti lilikuwa moja kwa wote, mwanamume na mwanamke. Hakuna aliyependelewa.

Nini kilitokea? Idadi ya wanawake wanaoingia chuo kikuu ilishuka sana. Fikirini wenyewe. Kijana wa kiume wa miaka 20 akifanya kazi miaka miwili, bado ni kijana yule yule, ana begi lake tu. Msichana wa umri huo, katika miaka miwili ameolewa, ana mtoto mgongoni, na mume anauliza, "Uende Dar es Salaam miaka mitatu, mimi nibaki na nani?" Hivyo sheria iliyokuwa sawa kwa wote ilimfungia mmoja. Baada ya miaka michache serikali iliona, ikawaruhusu wasichana waingie moja kwa moja.

Penina wakati huo alikuwa miongoni mwa walimu vijana wa chuo. Mtu aliyekuwa hapo aliona kwa macho yake viti vya wasichana vikipungua darasani.

Ndugu wasomaji, msifikiri tunawacheka waliopitisha sharti lile. Sisi wenyewe tumefanya hivyo hivyo hapa hapa. Tulipofungua darasa la Mikumi tulitangaza: masomo ni saa 10 jioni, kwa wote. Wanaume walikuja. Akina mama hawakufika hata nusu ya walioandikishwa. Tukaandika kwenye taarifa yetu ya mwezi kwamba akina mama wa eneo lile hawana mwamko. Tuliandika bila kusita, na taarifa ikapelekwa ngazi ya juu.

Siku moja tulimkuta mmoja wao kwenye foleni ya maji, saa 10 na nusu hivi. Tukamuuliza kwa ukali kidogo mbona haji darasani. Akatutazama, akaitazama ndoo, akasema, "Mwalimu, bomba linafunguliwa saa 9. Nije na foleni?" Tukanyamaza. Tulihamisha darasa likawa saa 8 mchana, na darasa likajaa. Mwamko ulikuwapo siku zote. Ile taarifa ya kwanza iko kwenye jalada mpaka leo, na tunaona haya kila tukiifikiria.

KUMUULIZA MWENYEWE

Profesa huyu wa ngoma alikuwa na njia yake ya kuepuka kosa kama letu, na aliipata jukwaani.

Mwaka 1982 na 1983, pamoja na walimu wenzake, alikwenda kijiji cha Malya, Wilaya ya Kwimba, mkoani Mwanza. Hawakwenda na mchezo ulioandikwa tayari kutoka Mlimani. Walikaa na wanakijiji, wakawauliza matatizo yao ni yapi. Wanakijiji wenyewe wakayataja, likiwamo la wasichana wa shule kupata mimba. Wakayatungia mchezo na ngoma kwa mtindo wao wenyewe, wakaonyesha mbele ya kijiji, kisha watu wakajadiliana. Kumbuka, kijijini kuna mambo ambayo msichana hawezi kumwambia mzee usoni. Lakini kwenye mchezo anaweza kuyasema, maana si yeye anayesema, ni yule anayeigizwa.

Mwaka 1996 njia hiyo ikapelekwa kwenye shule za sekondari za hapa nchini. Yeye na Profesa Amandina Lihamba, ambaye naye ni mwenyeji wa Mkoa wa Morogoro, walianzisha mpango ulioitwa Tuseme. Jina linajieleza. Wasichana wa shule hukusanywa na kuulizwa: nini kinakuzuia usifaulu? Wanataja, wanachambua sababu, wanatunga mchezo, wanaonyesha mbele ya walimu na wazazi. Halafu huunda chama chao hapo shuleni kufuatilia yale waliyoyasema yasije yakasahauliwa.

Na yanayotajwa si yale ambayo wakubwa ofisini wangeyabuni. Mkubwa atasema, "Wasichana hawapendi hesabu." Msichana atasema choo cha shule hakina mlango, na siku zake za mwezi anabaki nyumbani. Atasema njia ya kwenda shule ni ndefu na ina watu wabaya. Atasema akinyoosha mkono darasani anachekwa. Atasema kuna mwalimu anayemsumbua. Jamani, hili la mwisho nani angelisema bila mchezo?

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Profesa Mlama alikwenda Nairobi kuwa mkurugenzi mtendaji wa FAWE. Hiki ni chama cha wanawake wa Afrika wanaoshughulikia elimu, kilichoanzishwa mwaka 1992 na mawaziri wanawake wa elimu wa nchi mbalimbali za Afrika. Kwa njia ya FAWE, Tuseme ikaenea katika nchi nyingine za Afrika, hata zile ambazo hawajui Kiswahili, na jina likabaki Tuseme. Aliporudi nyumbani aliongoza CAMFED Tanzania, shirika linalowasaidia wasichana wa vijijini kupata mahitaji ya shule. Baadaye tena akashika Kigoda cha Mwalimu Nyerere pale Mlimani, ambacho Profesa Issa Shivji alikuwa wa kwanza kukikalia mwaka 2008.

Tazameni mwendo huo. Ametoka kwenye meza kubwa ya chuo kikuu, akashuka mpaka kwa msichana wa kidato cha kwanza. Kwa maoni yetu hakushuka. Mtu akisimama kwenye mlango wa chuo kikuu akaona wasichana hawafiki, lazima arudi nyuma njiani kutafuta walipokwama.

MZEE WA RELI ANABISHA

Somo hili tulilisoma pia katika kikundi cha kusoma cha Kilosa mjini. Huko kuna mzee mmoja aliyefanya kazi reli ya kati miaka mingi. Tulipoeleza kwamba katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kuwapa wasichana wa sayansi mafunzo maalumu ya wiki kadhaa kabla ya kuingia mwaka wa kwanza, na kuwapokea waliopungukiwa alama kidogo tu, mzee alipiga meza.

"Huo ni upendeleo! Nikipelekwa kupasuliwa hospitali, nataka daktari aliyefaulu. Sitaki daktari aliyeonewa huruma."

Wanaume wengi walimuunga mkono. Wanawake wawili wakainamisha macho.

Hoja ya mzee si ya kudharau. Tulimjibu hivi. Mafunzo yale ni ya kuingilia. Akishaingia, anasoma masomo yale yale na kufanya mitihani ile ile, na asiyefaulu hapewi shahada. Daktari au mhandisi anayetoka ametoka kwa mtihani ule ule wa wenzake. Kilichobadilika ni kwamba msichana aliyetoka shule isiyo na maabara, aliyepika na kuteka maji kabla ya kufungua daftari, amepewa wiki chache za kusoma tu, kama kaka yake alivyosoma miaka yote.

Mzee akatafakari. Akasema, "Sawa. Lakini na kijana wa kiume aliyetoka shule hiyo hiyo isiyo na maabara?"

Hapo alitubana, tunakiri. Shule mbovu haichagui mwanamume wala mwanamke. Tukamwambia kwamba kijana huyo naye ana haki ya kuulizwa alikokwama, na kumsaidia dada yake hakumzuii yeye kusaidiwa. Sijui kama aliridhika. Alisema ataliwaza akiwa anaangalia treni ya umeme ikipita, maana siku hizi ndiyo kazi yake.

YULE MAMA WA MIKUMI

Tulisema tutarudi kwake. Siku tuliposoma juu ya Tuseme hakucheka tena. Darasa lilipokwisha alibaki nyuma akikunja kanga yake. Akatueleza kwamba binti yake alikuwa kidato cha pili, na mwaka jana alipata mimba akaacha shule. Mtoto sasa anatambaa. "Shule imemshinda," akasema. "Mimi nimeshakubali. Tunauza wote vitunguu."

Tukamweleza jambo ambalo hakulijua, na huenda wengi wenu hamlijui. Zamani msichana wa shule akipata mimba aliondolewa, basi, mlango umefungwa. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba mwanafunzi aliyejifungua anaruhusiwa kurudi katika shule rasmi. Waziri wa Elimu aliyetangaza alikuwa Profesa Joyce Ndalichako, naye mwanamke msomi. Ada ya shule za serikali mpaka kidato cha nne ilifutwa tangu mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Na kama binti hawezi kurudi kukaa na wadogo, ipo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa mwaka 1975, ambayo ina masomo ya sekondari nje ya shule. Hata mbele zaidi, Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo mkoani kwetu, na mtu husoma akiwa nyumbani kwake.

Mama akasikiliza yote. Ndipo tukamuuliza, "Binti mwenyewe anasemaje?"

Akakaa kimya kidogo. "Sijamuuliza."

Wiki iliyofuata alikuja mapema kuliko wote. Alikuwa amemuuliza. Binti hakusema kwamba shule imemshinda. Alisema mambo matatu. Anaogopa kuchekwa. Hajui mtoto ataachwa na nani asubuhi. Na la tatu, akalisema huku analia: yule kijana aliyempa mimba hakukosa shule hata siku moja.

Mama akasema la mtoto atalimaliza yeye, atakuwa anakaa naye kwenye kibanda cha vitunguu. Tukampa karatasi na kalamu. Barua ya kwenda kwa mkuu wa shule aliiandika mwenyewe, ukurasa mmoja na nusu, kwa mkono wake. Sisi tulimwongezea nukta mbili alizozisahau. Kwenye mstari wa mwisho aliandika kwamba anaomba jibu kwa maandishi, kwa sababu anajua kusoma.

Barua imepokewa na kugongwa muhuri. Jibu bado halijaja. Likija, tutawaeleza katika ukurasa huu huu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Azimio la Musoma liliweka sharti moja kwa wote wanaoingia chuo kikuu. Kwa nini wanawake walipungua?

2. Je, kijijini kwenu kuna sheria, saa ya mkutano au utaratibu ulio sawa kwa wote lakini unaowazuia baadhi ya watu? Utajeni.

3. Mnakubaliana na mzee wa reli? Toeni sababu.

4. Tafuteni msichana mmoja aliyeacha shule katika mtaa wenu. Muulizeni mwenyewe kilichomkwamisha, kisha mtuandikie. Msiandike jina lake.